Mfuko Uliobaki Kwenye Pikipiki

Siku ambayo baba yake Efren alikuwa aje kwa mama yangu kuniposa kwa ajili ya mwanawe, manda, zile karatasi nyembamba za unga, ziliisha soko zima la Majayjay. Ulikuwa mwezi wa Mei, kila mtaa una sikukuu ya mtakatifu wake na kila nyumba inakunja lumpia, nyama iliyoviringishwa kwa manda na kukaangwa. Nilizunguka vibanda vyote tangu saa kumi na mbili asubuhi. Muuzaji wa mwisho alinitazama kwa huruma ya uongo akasema, "Ungekuja jana, mwanangu. Leo hata ya kufungia kidole sina."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilimtumia Efren ujumbe. Nilijua yuko Liliw kwenye matanga ya shangazi yake na amekesha huko, lakini nilijua pia kwamba Liliw kuna soko. Nikaandika: "Manda zimekwisha huku. Niletee pakiti nne. Bila lumpia mama hatafungua hata mlango." Akanijibu kwa neno moja, "Nitaleta," na moyo wangu ukatulia. Efren akisema nitaleta, huleta. Ndivyo alivyoniteka, wala si kwa maneno matamu, maana hayo hana.

Nyumbani nilimkuta mama ameshasaga nyama ya nguruwe na sasa anakatakata karoti, vipande vidogo kuliko punje za mchele.

"Umepata manda?"

"Efren anazileta, Nanay."

Kisu kikasimama. "Efren," alisema, kama anayesoma jina kwenye msalaba wa kaburi. Kisha akaendelea kukata.

Niseme ukweli, Efren hakuwa na kosa lolote ila moja, nalo si lake. Alikuwa mgane. Mke wake, Rowena, alikufa kwa homa ya mbu kabla ndoa yao haijatimiza mwaka. Mama yangu naye alifiwa na baba yangu akiwa na miaka thelathini na mmoja, mimi nina saba, na tangu hapo anakiogopa kifo jinsi watu wengine wanavyoogopa mbwa. Anaamini kikishajua harufu yako, hurudi. Nilimbembeleza miezi minne kabla hajakubali ugeni huu, na alipokubali alisema maneno matatu tu: "Waje. Kuja si kupewa." Ukiyahesabu ni manne, lakini mimi nilisikia lile la kwanza tu.

"Nilikwambia usiimbe mbele ya jiko," alisema bibi yangu, Lola Sabel, akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Msichana anayeimba mbele ya jiko huolewa na mgane. Wewe hata ukikaanga yai lazima uimbe."

"Nina sauti nzuri, Lola."

"Nani kakudanganya?"

Shangazi Conching, dada mkubwa wa mama, akacheka hadi akashika mbavu. Alikuwa anakusanya vyombo vya chai, na mkono wake ulipofika kwenye sahani yangu, ambayo bado ilikuwa na wali na kipande cha samaki mkavu, mama akamdaka kifundo cha mkono.

"Acha hiyo. Neri hajamaliza."

"Nilikuwa nasogeza tu."

"Usisogeze."

Kwetu hata mtoto anajua. Ukiondoa vyombo mezani na msichana asiyeolewa bado anakula, hataolewa tena. Shangazi Conching, mwenye miaka hamsini na minane, ndiye ushahidi tuliokuwa nao nyumbani. Alipokuwa na miaka ishirini alikuja mwalimu mmoja kutoka Nagcarlan kumchumbia, wakakaa mezani, na mama yangu, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye kichwa kigumu, akamnyang'anya dada yake sahani kwa utani, watu wakacheka. Mwalimu yule akaenda zake na hakurudi.

"Mpaka leo namngoja aje amalizie wali wake," shangazi hupenda kusema. Alisema hivyo na asubuhi ile. Bibi akacheka. Mama hajawahi kucheka mzaha huo hata siku moja.

Efren alifika saa nne. Niliisikia pikipiki kabla ya wengine, maana sikio la mtu anayependa halilali. Aliingia kwa mlango wa jikoni akiwa na shati lake jeupe lililojikunja, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na mfuko wa plastiki mkononi. Aliponiona akatabasamu kwa upande mmoja, na mimi nikasahau karoti, nikasahau mama, nikasahau kwamba mikono yangu inanuka kitunguu saumu.

Aliushika mkono wa bibi akaugusisha kwenye paji la uso wake. "Nakuomba baraka, Lola." Akamgeukia mama.

"Mikono yangu ina nyama," mama alisema bila kuinua macho.

Mkono wa Efren ukabaki hewani kidogo, kisha akaurudisha taratibu na kuniwekea pakiti nne mezani. Hapo nikaona. Juu ya pakiti ya kwanza lilikuwa tone la nta, jeupe, limeganda. Na kwenye shati lake kulikuwa na harufu ya mishumaa na ya maua yale madogo meupe yanayowekwa kwenye jeneza.

"Njoo unawe mikono bombani," nikamwambia.

Nje nilifungulia maji kwa nguvu ili tusisikike.

"Efren, manda hizi umezinunua wapi?"

Alinawa kwanza. Aliosha kila kidole. "Soko la Liliw nalo lilikuwa tupu. Nikarudi pale matangani kuaga. Wapishi walikuwa na pakiti nyingi, za kuwapikia wakeshaji, wakasema chukua. Nilikataa mara mbili, Neri. Halafu nikakumbuka ulivyoandika."

"Umetoa chakula kwenye nyumba yenye maiti ukakileta jikoni kwetu. Na leo hii."

"Sikuja moja kwa moja. Sina wazimu. Nilisimama kwenye duka la mikate pale njia panda, nikaingia, nikanywa kahawa, nikakaa nusu saa. Nilifanya kama inavyotakiwa."

Ni kweli ndivyo inavyotakiwa. Mtu akitoka matangani hapiti nyumbani kwa watu mpaka aingie kwanza mahali pengine, ili kilichomfuata kibaki huko. Nilitaka kushusha pumzi. Lakini mimi ni mtoto wa mama yangu.

"Na mfuko?"

"Mfuko gani?"

"Mfuko wa manda. Uliingia nao dukani?"

Akageuka kuitazama pikipiki yake kule kwenye uzio wa maua ya gumamela. "Niliuacha umening'inia kwenye usukani," akasema.

Siku nyingine ningecheka.

"Namwambia mama yako sasa hivi," alisema Efren.

"Ukimwambia hakuna kuombwa. Anasubiri sababu tu, Efren. Ataufunga mlango na hataufungua tena."

"Nimeshazika mke mmoja. Huyu wa pili sitaki kumpata kwa uongo."

"Hatudanganyi. Tunanyamaza tu."

Alinitazama kwa yale macho yake ya mtu aliyekwishalia akamaliza. Kisha akanishika kiganja kwa mkono wake wenye maji, akakibana, na nikajua atanyamaza kwa ajili yangu, na kwamba itamuuma. Wazee wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikumbuka methali hiyo wakati narudi ndani, nikaifukuza.

Mama alikuwa ameshafungua pakiti ya kwanza na kuzifunika manda kwa kitambaa chenye maji zisikauke. Alikuwa anazibandua moja moja, na ukiinua moja kuelekea dirishani unaona vidole vyako upande wa pili.

"Manda nzuri," alisema. "Laini. Za wapi?"

"Za Liliw," nikajibu haraka.

"Mm." Akasogeza rundo moja mbele ya kiti kitupu. "Wewe Efren, kaa. Anayetaka binti kwenye nyumba hii hukunja."

Basi tukakunja. Unaweka nyama kwa mstari mwembamba ukingoni, unakunja mara moja na kubana, unaviringisha bila kulegeza, unafunga kwa uji wa unga wa ngano. Za mama hutoka nyembamba kama kidole chake cha mwisho, zote sawa. Ya kwanza ya Efren ilitoka nene na imepinda.

"Hii ni lumpia au mto wa kulalia?" shangazi akauliza.

"Ni ya mtu mwenye njaa, Tiya."

"Ni ya mtu mvivu," mama alisema. "Rudia."

Akarudia. Alirudia mara nane, jasho linamtiririka, na mimi nilikaa upande wa pili nikiona jinsi mikono ile mikubwa ya fundi umeme inavyojifunza upole. Tulipotazamana hatukutabasamu. Kilichotuunganisha saa ile hakikuwa mapenzi peke yake. Ya tisa mama aliichukua, akaibonyeza kwa kidole gumba, akairudisha kwenye sinia lake mwenyewe, katikati ya zake. Kwa mama ile ilikuwa sifa. Shangazi akanifinya pajani chini ya meza.

Nilikuwa karibu kufurahi nilipomwona bibi. Ameivuta ile karatasi ya pakiti, analikwangua tone la nta kwa ukucha. Alininusa kwa macho, akamnusa na Efren. Kisha akalitia lile gamba la nta mfukoni mwa aproni yake.

Saa sita nikaweka karai jikoni. Mafuta yalipopata moto nikatumbukiza za kwanza, zikaanza kuchemka na kugeuka rangi ya dhahabu. Moja ikapasuka, nyama ikamwagika, mafuta yakanirukia mkononi. Ilikuwa ile iliyokunjwa na mimi. Nilijikuta naimba polepole ili nisilie.

"Imba tu," bibi alisema nyuma yangu. "Yameshakuwa." Akachukua mbili kwenye chujio zikiwa za moto, akazila kavu, moja baada ya nyingine, akinitazama. Alipomaliza ya pili akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka shangazi akaja kumpiga mgongoni.

"Siki imenipalia," alisema.

Bakuli la siki na pilipili lilikuwa bado kabatini.

Mang Berto, baba yake Efren, alifika saa saba kamili, mzee mpole, na kikapu cha vitumbua vya mchele na kuku wawili wa kuchoma. Alivaa shati lake la kanisani. Tulikaa watu sita mezani. Alisema maneno yote yanayotakiwa kusemwa, kwa utaratibu, na hakuruka hata moja. Kwamba mwanawe ameona taa kwenye nyumba hii. Kwamba yeye ni maskini lakini si mwizi. Kwamba anajua mwanawe amebeba msiba, na haombi ausahau, anaomba apewe mtu wa kumsaidia kuubeba.

Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kisha akamgeukia Efren, na kwa mara ya kwanza tangu amjue akamtazama machoni.

"Mimi nina mtoto mmoja," alisema. "Ukimchukua, utanirudishia akiwa mzima kila Jumapili?"

"Kila Jumapili, Aling Ising."

"Hata mvua?"

"Hata mvua."

Mama akalivuta sinia la lumpia karibu na wageni akasema, "Tule kwanza. Mambo mazuri husemwa watu wameshiba." Alisema mazuri. Nililisikia neno hilo, na shangazi alilisikia, na chini ya meza goti la Efren likaligusa langu.

Mang Berto akachukua moja, akachovya, akauma. Ikalia kwa ukavu. Akafumba macho kwa raha. "Tamu, tamu kweli. Efren, si ndizo zile manda ulizopewa kwa marehemu shangazi yako? Wale wapishi wana roho nzuri, wamefiwa na bado wanagawa."

Lumpia ya mama ilikuwa imefika karibu na midomo yake. Ikasimama hapo. Kisha akaiweka chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Marehemu gani?"

Mang Berto akatazama nyuso zetu, akaelewa kwamba amesema jambo, lakini hakujua ni lipi. Efren akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Zimetoka matangani, Aling Ising. Nilizileta mimi. Nilisimama njiani, nikaingia dukani, nikakaa."

"Wewe uliingia," mama alisema. "Mfuko je, uliingia?"

Lilikuwa swali langu. Nikamjibia Efren.

"Ulibaki kwenye pikipiki, Nanay."

Akageuka kwangu taratibu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukakunja. Ukakaanga. Ukamlisha bibi yako."

"Mimi nilijua pia, Ising," bibi alisema. Alitoa lile gamba la nta mfukoni akaliweka kando ya sahani yake. "Nina miaka themanini na mitatu. Kifo kikinitaka hakihitaji lumpia." Kisha akakohoa tena, na safari hii alichukua muda kumaliza.

Mama alikuwa mweupe. "Hakuna anayekula," alisema. "Wekeni chini. Wote."

Wote wakaweka chini. Nilimtazama Efren. Hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa amekaa kama mtu aliyezoea kunyang'anywa, tayari kuinuka, kuomba radhi na kwenda zake, na nikaona kwamba akitoka kwenye mlango ule atajiona kweli ndiye anayetembea na kifo, na ataamini hivyo hadi mwisho wa maisha yake. Nilimpenda sana dakika ile. Niliogopa pia, sitaficha. Nikachukua lumpia nikaiuma.

"Neri," mama alisema.

Nikatafuna. Nikameza. "Kama kimemfuata mpaka hapa, Nanay, basi kinifahamu na mimi. Siwezi kumwacha nacho peke yake."

Mama akasimama. Nilidhani atanipiga. Badala yake akachukua sahani ya Mang Berto, akaiweka juu ya yake. Akachukua ya bibi. Akachukua ya shangazi, na hapo ndipo shangazi Conching alipoelewa kabla yetu sote, akamshika nguo.

"Ising. Usifanye hivyo. Ising, unajua unachofanya."

"Najua," mama alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Ile siku nilikuwa mtoto nacheza. Leo sichezi. Afadhali awe kama wewe, Conching. Afadhali azeeke jikoni kwangu bila mume, lakini azeeke."

Mkono wa shangazi ukaachia nguo. Miaka thelathini na minane alikuwa ameufanya mzaha, na sasa nikaona usoni mwake kwamba haukuwahi kuwa mzaha.

Mama akachukua ya Efren. Meza ikabaki na sinia na sahani yangu. Akanyoosha mkono, vidole vikaushika ukingo, na sahani ikaanza kuteleza kwenye kitambaa cha meza.

Efren akaweka kiganja chake juu yake.

"Ondoa mkono," mama alisema.

"Bado anakula, Nanay."

Hakuwahi kumwita mama kabla ya siku ile. Mama alivuta, na sahani haikwenda. Walibaki hivyo, yeye amesimama, Efren amekaa, hakuna aliyetumia nguvu zake zote. Mang Berto alikuwa anasali kwa midomo. Mwishowe mama akaachia, akavuta kiti, akaketi mbele yangu na rundo la sahani chafu mapajani.

"Basi ale," alisema. "Ale mpaka ashibe. Mimi nitangoja."

Sinia lilikuwa bado limejaa. Efren akachukua lumpia moja, akaichovya kwenye siki, akaniwekea. Nikala. Akaniwekea nyingine. Upande wa pili wa meza bibi alikohoa, na hakuna aliyegeuka, maana mama alikuwa ananitazama mdomoni na mimi nilikuwa namtazama mikononi, nikijua nikipumzika tu ataivuta sahani kabla sijamaliza. Nikala na hiyo, nikanyoosha sahani kwa nyingine. Sikuthubutu kushiba.